Chuo cha ufundi cha Kicukiro: Mshirika akiondoka, kinabaki nini?

Habari zinazotoka katika chuo cha ufundi cha IPRC Kigali, kilichoko Kicukiro, kwa kawaida huwa za aina tatu: mahafali, hati za makubaliano zilizotiwa saini na wageni kutoka nje ya nchi, na wakufunzi waliorejea kutoka masomoni au kutunukiwa vyeti. Kwa wakaazi wa Kanombe na tarafa jirani, habari hizo husikika redioni kwa dakika moja, kisha zikapita. Makala haya yanaeleza yaliyo nyuma yake: chuo hiki ni cha namna gani, ushirikiano wake hufanyaje kazi, na kwa nini mafanikio ya mkufunzi mmoja yanamhusu mzazi anayeishi mwendo wa basi moja tu kutoka kwenye lango lake.

Chuo cha namna gani?

Mji wa Kigali umegawanyika katika wilaya tatu: Gasabo, Nyarugenge na Kicukiro. Kanombe ni mojawapo ya tarafa kumi za Kicukiro, na tarafa hizo ndizo Kinyarwanda huziita imirenge. IPRC Kigali imo katika wilaya hiyo hiyo, kwa hiyo ni chuo cha jirani kwa maana halisi ya neno hilo.

Chuo hiki ni kimoja kati ya vyuo vinane vilivyo chini ya Rwanda Polytechnic, taasisi ya serikali iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Vingine viko Tumba, Musanze, Huye, Karongi, Ngoma, Gishari na Kitabi. Kabla ya sheria hiyo vyuo hivyo vilikuwepo, lakini kila kimoja kilikuwa na historia yake, vifaa vyake na wafadhili wake. Sheria ilivikusanya chini ya mwavuli mmoja ili mitaala na vyeti vyake viwe na uzito unaofanana.

Masomo yanayofundishwa Kicukiro ni pamoja na umeme na elektroniki, ujenzi, mitambo na magari, teknolojia ya habari, uchimbaji wa madini, pamoja na utengenezaji wa filamu na vipindi vya televisheni. Ngazi zake zinaeleweka kwa urahisi zikipangwa kama vidato. Shule za sekondari za ufundi humfikisha mwanafunzi ngazi ya tano katika mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu. Chuo humpokea hapo: ngazi ya sita ni stashahada, ya saba ni stashahada ya juu, na ya nane ni shahada ya teknolojia, ambayo vyuo hivi vimeanza kuitoa katika miaka ya karibuni.

Tofauti kati ya chuo cha aina hii na chuo kikuu ni mahali ambapo mwanafunzi hupitisha saa zake. Chuo kikuu humweka zaidi darasani na maktabani, ilhali chuo cha ufundi kinapaswa kumweka zaidi karakanani, kisha kumpeleka kazini kwa muda maalumu, ili anapohitimu awe amekwisha kuona mtambo halisi ukiharibika na kutengenezwa. Msomaji aliyelelewa Tanzania anaweza kukifananisha na Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, na aliyelelewa Kenya atakumbuka vyuo vya taifa vya ufundi vya Kisumu au Mombasa.

Serikali ya Rwanda, katika mkakati wake wa kitaifa uliomalizika mwaka 2024, ilijiwekea lengo la kuwafikisha asilimia 60 ya wanafunzi katika mkondo wa ufundi. Lengo hilo lina uzito wa pekee katika jamii ambayo, kama zilivyo jamii nyingi za Afrika Mashariki, ilizoea kumtuma mtoto ufundi pale tu alipokosa alama za kwenda kwingine. Kuubadili mtazamo huo kunahitaji zaidi ya matangazo: mzazi hushawishika amwonapo kijana wa jirani akijenga nyumba na kulipa ada za wadogo zake kutokana na kazi ya mikono yake.

Ardhi yenye kumbukumbu

Wakaazi wenye umri mkubwa bado hukiita chuo hiki kwa jina lake la zamani, ETO. Kifupi hicho ni cha jina la Kifaransa la shule rasmi ya ufundi iliyoendeshwa mahali hapo na mapadri Wasalesiani wa Don Bosco. Ni jina linalotajwa kwa sauti ya chini, na sababu yake inajulikana.

Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi kuanza mwezi Aprili 1994, zaidi ya watu 2,000 walikimbilia katika shule hiyo. Humo walikuwamo wanajeshi wapatao 90 wa Ubelgiji, waliokuwa sehemu ya kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani. Nje ya uzio walisubiri Interahamwe wakiwa na silaha. Raia wa nchi za Magharibi waliokuwa wamejihifadhi hapo waliokolewa na kuondolewa. Tarehe 11 Aprili wanajeshi wale nao waliamriwa kuondoka, wakaondoka. Waliobaki walijaribu kuelekea uwanja wa Amahoro, wakazuiwa karibu na makutano ya Sonatube, wakaswagwa hadi kilima cha Nyanza cha Kicukiro, na huko wengi wao wakauawa jioni ile. Waliosalia walikuwa wachache.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokuwa na makao Arusha, ilimtia hatiani mwaka 1999 Georges Rutaganda, makamu wa pili wa rais wa Interahamwe, kwa makosa yaliyojumuisha mashambulizi ya ETO na mauaji ya Nyanza. Leo Nyanza ni mahali pa kumbukumbu ya kitaifa, na kila ifikapo Aprili 11 watu hukusanyika kuwakumbuka waliouawa. Filamu ya Shooting Dogs ya mwaka 2005, inayosimulia siku zile, ilipigwa katika eneo la shule yenyewe; na chuo kilichopo hapo sasa hufundisha, miongoni mwa fani nyingine, utengenezaji wa filamu.

Historia hii inatajwa hapa kwa sababu inalipa neno "ushirikiano" maana ambayo halina kwingineko. Hapa ni mahali ambapo wageni waliotegemewa walipanda magari yao na kuondoka, na wenyeji wakabaki. Kijana anayesoma umeme katika ardhi hiyo ana haki ya kuuliza swali lile lile kuhusu kila mshirika anayekuja, hata akija kwa nia njema na zawadi mkononi: siku atakapoondoka, kitabaki nini?

Ushirikiano hufanyaje kazi?

Hati ya makubaliano baina ya chuo cha ufundi na shirika la nje huwa na sehemu nne, hata kama hazitajwi kwa majina hayo: vifaa, mtaala, watu na fedha. Kwa kawaida mshirika huleta mitambo na wataalamu kwa miaka michache, husaidia kuandika upya mtaala, na huwapeleka wakufunzi kadhaa kusoma kwao. Serikali kwa upande wake hutoa ardhi, majengo, mishahara na umeme.

Mifano katika vyuo hivi vinane ni mingi. Chuo cha Tumba, wilayani Rulindo, kilianza mwaka 2007 na kwa miaka kadhaa kilisaidiwa na shirika la maendeleo la Japani, JICA. Chuo cha Musanze, kaskazini mwa nchi, kina karakana ya Luban iliyoanzishwa kwa ushirikiano na chuo cha ufundi cha Jinhua cha China, na jina lake linatokana na fundi mashuhuri wa kale wa Kichina. Kicukiro, mshirika anayetajwa zaidi ni Korea Kusini kupitia shirika lake la KOICA, ambalo limesaidia mafunzo ya ufundi na pia taasisi ya kuwafunza wakufunzi wa fani hizo.

Katika ukanda mzima hali ni kama hiyo. Mwaka 2018 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 293 kwa mradi wa kuviendeleza vituo 16 vya ufundi katika nchi za Ethiopia, Kenya na Tanzania. Nchi zote za Afrika Mashariki zinashindana kuvuta viwanda, na hakuna kiwanda kinachohamia mahali pasipo na mafundi sanifu.

Hata hivyo, siku ya kutia saini huwa rahisi kuliko miaka inayofuata. Mtambo ukiharibika, kipuri chake huenda kikalazimika kuagizwa kutoka nchi ulikotengenezwa. Kitabu cha maelekezo huenda kimeandikwa kwa lugha ambayo hakuna aisomaye chuoni. Leseni ya programu ya kompyuta huisha muda, na bajeti ya chuo haikuitengea fungu. Na yule mkufunzi aliyepelekwa ng'ambo kujifunza mtambo huo huenda amekwisha kuajiriwa na kampuni inayomlipa mara mbili. Ndipo mtambo hufunikwa turubai ukageuka kuwa pambo la kuonyeshwa wageni.

Wahenga walisema kuwa mgeni wa siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Kwa chuo cha ufundi methali hiyo ina upande wa pili: mgeni aondokapo, jembe libaki kwa mwenyeji, na mwenyeji awe anajua kulinoa.

Mfano wa mashine za hospitali

Fani inayolionyesha jambo hili waziwazi ni matengenezo ya vifaa vya tiba. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa watafiti wa Marekani uliokusanya taarifa za vifaa vya hospitali katika nchi zenye uwezo mdogo. Uligundua kwamba karibu asilimia 40 ya vifaa hivyo havikuwa vikifanya kazi. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni ukosefu wa mafunzo na udhaifu wa usimamizi wa matengenezo. Mashine nyingi hufika hospitalini zikiwa msaada, hufanya kazi kwa muda, kisha husimama kwa sababu ya fyuzi, mpira wa kupitishia hewa au betri ambayo fundi aliyefunzwa angeibadilisha kwa muda mfupi.

Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo barani Afrika kuanzisha mafunzo ya kuwaandaa mafundi sanifu wa vifaa hivyo, kwa msaada wa shirika la Engineering World Health na mfuko wa kampuni ya GE, na fani hiyo ikapata nafasi katika chuo cha Kicukiro. Wazo lake ni jepesi. Badala ya mfadhili kuleta mashine nyingine ya kuchukua nafasi ya iliyokufa, anafunzwa mtu wa kuifufua ile ya kwanza.

Kwa Kanombe hili ni jambo la nyumbani. Hospitali ya Kijeshi ya Rwanda iko hapo, na huwatibu raia pamoja na wanajeshi. Mwaka 2019 kituo chake cha saratani kilianza kutoa tiba ya mionzi, ambayo kabla yake Wanyarwanda wengi waliifuata nje ya nchi. Mitambo ya mionzi huhitaji wahandisi waliobobea, lakini kuizunguka kuna mamia ya vifaa vya kawaida: pampu za dawa, vipimo vya mapigo ya moyo, majokofu ya damu, mashine za kusafisha vyombo. Hivyo ndivyo vinavyohitaji fundi sanifu wa kila siku. Mama aliyelala wodini hajui mkufunzi wa fundi huyo alisomea wapi, lakini usalama wake unategemea jambo hilo.

Mafanikio ya mkufunzi hupimwaje?

Chuo kinapotangaza kwamba wakufunzi wake wamepata shahada za uzamili au uzamivu, tangazo hilo lina sababu ya kufurahiwa. Vyuo haviwezi kutoa shahada ya teknolojia bila wakufunzi wenye sifa za juu zaidi. Lakini katika ufundi, shahada ni nusu ya kipimo. Nusu ya pili ni lini mkufunzi huyo alifanya kazi kiwandani, gereji au kwenye eneo la ujenzi kwa mara ya mwisho.

Magari ni mfano mzuri. Mwaka 2018 kampuni ya Volkswagen ilianza kuunganisha magari mjini Kigali, na baadaye magari na pikipiki za umeme zikaanza kuonekana barabarani. Mkufunzi aliyejifunza injini za dizeli miaka 15 iliyopita na asirudi tena kiwandani anafundisha historia, hata kama anaifundisha vizuri. Kwa sababu hiyo, siku hizi mkazo umewekwa kwenye mafunzo ya zamu mbili, ambapo mwanafunzi hugawa muda wake kati ya chuo na kampuni, na mkufunzi naye hupelekwa viwandani kujinoa. Taasisi ya kuwafunza wakufunzi inayosaidiwa na KOICA imewekwa kwa lengo hilo hilo: mtu mmoja akijua, awafundishe wenzake kumi, ili ujuzi usiondoke na mtu mmoja akibadilisha kazi.

Mafanikio ya mkufunzi yanayodumu, basi, ni yale yanayoweza kuonekana mikononi mwa wengine. Cheti hubaki ukutani kwake, lakini ujuzi ukishagawanywa huwa mali ya chuo.

Uwajibikaji

Vifaa vinavyonunuliwa kwa fedha za umma au za wafadhili huhitaji pia kulindwa. Mwezi Oktoba 2022 Wizara ya Elimu ilikifunga chuo cha IPRC Kigali kwa wiki mbili, ili kupisha uchunguzi wa tuhuma za wizi na ubadhirifu wa mali. Wanafunzi walirudishwa makwao kwa muda huo. Tuhuma si hukumu, na kazi ya kuamua nani ana hatia ni ya mahakama. Lakini tukio lile liliwakumbusha wote kwamba orodha ya vifaa vya karakana ni waraka muhimu sawa na hati ya makubaliano. Nyaya na vyuma vikipotea stoo, anayepoteza kwanza ni mwanafunzi anayefanya mtihani wa vitendo bila kifaa.

Wasemaji wa Kiswahili wako wapi?

Lugha ya kufundishia katika vyuo vya Rwanda ni Kiingereza, baada ya serikali kuamua mwaka 2008 kuachana na Kifaransa katika nafasi hiyo. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017, lakini hakijawa lugha ya karakana. Kwa familia zinazokizungumza nyumbani, zikiwemo zilizorejea kutoka Tanzania, Kenya au mashariki mwa Kongo, mtoto huingia chuoni akiwa na lugha tatu kichwani, na ile anayoimudu zaidi huenda haimo katika vitabu vyake.

Hata hivyo Kiswahili kilikwisha kuutangulia mtaala. Neno la Kinyarwanda umufundi limetokana na neno letu fundi. Na upande wa mashariki wa Kanombe, huko Masaka, kuna bandari kavu ya kampuni ya DP World iliyozinduliwa mwaka 2019, ambako malori hufika baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,400 kutoka Dar es Salaam. Dereva anayeeleza mlio usio wa kawaida chini ya lori lake huueleza kwa Kiswahili. Fundi anayemwelewa mara ya kwanza hupata kazi ambayo mwenzake ataikosa.

Soko la pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki lilianza kutekelezwa tarehe 1 Julai 2010 na linatoa nafasi kwa wafanyakazi kuvuka mipaka, ingawa kila nchi ina ratiba na masharti yake. Wahandisi, wasanifu majengo na wahasibu wamekwisha kuwekewa makubaliano ya kutambuana sifa baina ya baadhi ya nchi wanachama. Kwa fundi sanifu, thamani ya cheti chake ng'ambo ya mpaka bado hutegemea sana mwajiri anayekisoma, na pia uwezo wake wa kujieleza. Kijana wa Kanombe anayejua Kiswahili tayari ana nusu ya mtaji huo bila kulipa ada.

Jambo jingine linakuja. Uwanja mpya wa ndege unajengwa Bugesera, kusini mwa mji, wakati kazi nyingi za Kanombe kwa miongo kadhaa zimefungamana na uwanja uliopo: mizigo, usafi, umeme, majokofu, magari, hoteli ndogo na vibanda vya chakula. Shughuli za ndege zikihamia huko, atakayehama nazo kwa urahisi ni mwenye ujuzi unaobebeka.

Maswali ya kuuliza

Mzazi au kijana anayesikia habari nyingine ya chuo hiki anaweza kuipima kwa maswali machache. Makubaliano yaliyotiwa saini yanadumu miaka mingapi, na baada ya hapo vipuri vitanunuliwa na nani? Ni wakufunzi wangapi wanaoweza kuuendesha mtambo mpya, na je, yupo atakayebaki iwapo mmoja wao ataondoka? Mwanafunzi atakaa muda gani kazini kabla ya kuhitimu, na katika kampuni ipi? Kozi hiyo iko ngazi gani katika mfumo wa kitaifa, na je, inamfungulia mlango wa kuendelea hadi shahada? Na wahitimu wa mwaka uliopita wanafanya kazi gani sasa?

Maswali hayo yanaweza kuulizwa siku chuo kinapofungua milango kwa wageni, katika mkutano wa tarafa, au kwa kumpata kijana wa mtaani anayesoma hapo na kumwomba aeleze alichokifanya karakanani wiki iliyopita. Akieleza kwa mikono kabla ya maneno, akionyesha alivyoshika, alivyopima na alivyofunga, hiyo ni dalili kwamba kilicholetwa na mshirika kimeanza kuwa cha wenyeji.